Ettore Bugatti, patroni wa motokari ya umeme ya mutoto

Ku Muhumba, mu komine ya Ibanda, nyuma ya kuta za parsele kubwa, siku hizi unaona watoto wa miaka mitatu ao mine wanaendesha motokari zao wenyewe. Ni za plastiki, ziko na batri, pedale moja na usukani. Muzazi anasimama pembeni na telekomande mu mukono. Mutoto akielekea ku ngazi, muzazi anafinya kifungo na motokari inasimama, hata kama mutoto angali anakanyaga pedale. Komande ya mukubwa inapita ya mutoto. SNEL ikikata umeme, na batri ikiisha, mukubwa na mutoto wote wanangojea.

Wengi wanazani kitu hiki kimeanzia China juzi juzi. Hapana. Karibu miaka 100 imepita tangu mutu mwenye jina kubwa alitengeneza motokari ya umeme kwa mutoto wake. Jina lake Ettore Bugatti. Tunaelezea maisha yake hapa kwa sababu ya ile motokari, na pia kwa sababu ya mugomo mumoja ambao watu wanaopenda magari wanauruka haraka.

Alizaliwa Milano, Italia, tarehe 15 Septemba 1881. Baba yake, Carlo, alitengeneza viti na makabati ya bei kali. Mudogo wake Rembrandt alichonga wanyama, na tembo wake mumoja alikuja kuwekwa mbele ya motokari kubwa kuliko zote za Ettore, ile iliyoitwa Royale. Ettore hakuwa enjeniya wa chuo. Alijifunza kazi akingali kijana katika kiwanda cha Prinetti na Stucchi, kule Milano. Kisha akafanyia wengine kazi, De Dietrich huko Alsace, Deutz huko Cologne, mpaka 1909 alipofungua kiwanda chake Molsheim. Wakati ule Alsace ilikuwa chini ya Ujerumani. Kisha vita ya 1914-1918 ikarudi Ufaransa.

Mwaka 1924 alitoa Type 35, na ile njo ilimupa sifa. Kule Sicilia, mu mashindano ya Targa Florio, magari yake yalishinda mara tano mufululizo, kuanzia 1925 mpaka 1929.

Mutoto wake mwingine, Roland, alizaliwa 1922. Alipofikia miaka mine hivi, Ettore na mwana mukubwa, Jean, walimutengenezea Type 35 yake, nusu ya ile ya kweli. Moteri ilikuwa ya umeme, batri ya volti 12. Mbio yake ilikuwa kama kilometre 15 kwa saa. Haikuwa plastiki hata kidogo: ilikuwa na freni za kweli, mapine ya kweli, na mwili wa chuma. Watu waliokuja kununua magari pale Molsheim wakaiona, wakaitaka kwa watoto wao. Basi 1927 ikaanza kuuzwa, ikaitwa Type 52, lakini watu waliiita Bébé tu. Telekomande haikuwa nayo. Mutoto wa tajiri alikanyaga, akaenda mahali anapotaka.

Telekomande, tuseme hivyo, Ettore aliiweka kwa wafanyakazi. Walimwita Le Patron. Alitembea mu kiwanda na farasi ao na baiskeli, akiangalia kila kitu, mpaka usafi wa mashine. Hatusemi alikuwa mutu mubaya. Alijua kazi, alipenda kitu kilichofanywa vizuri, na mafundi walijivunia kufanya kazi kwake. Lakini alijiona baba, na wao watoto. Sisi wa sendika za mugodi tunamujua patroni wa namna hiyo: anakuja ku matanga yako, lakini ukiuliza mushahara anaona umemutukana.

Kisha 1929 wanunuzi walipungua duniani pote. Royale zilitengenezwa chache sana, na wateja wakapata tatu tu. Moteri zake zikaokolewa kwa kuwekwa ndani ya treni za Ufaransa. Mu Juni 1936, wakati wa Front Populaire, wafanyakazi wengi wa Ufaransa waligoma, wakapata saa 40 kwa juma na konje ya juma mbili yenye kulipwa. Wale wa Molsheim pia waligoma, wakakalia kiwanda. Patroni akakutana na mulango uliofungwa. Haikumuingia kichwani kwamba watu aliowaona kama watoto wanaweza kufinya kifungo wao wenyewe. Aliumia sana, akahamia Paris, akaachia Jean kazi. Wanaoandika juu yake wanamusikitikia sana hapo. Mimi nasikitikia pia fundi aliyepiga chuma cha Bébé.

Na bana, wale hawakupigwa risasi. Hapa kwetu, Bukavu ikingali inaitwa Costermansville, wafanyakazi wa Union Minière waligoma kule Elisabethville, mu Desemba 1941. Kampuni ile nayo ilijiita baba: kambi, posho, masomo. Askari walipiga risasi ndani ya watu, karani Léonard Mpoyi akafa pamoja na makumi ya wengine.

Ettore hakurudi kuwa Patroni wa zamani. Tarehe 11 Agosti 1939 Jean alikuwa anajaribu gari karibu na Molsheim. Akakwepa mutu wa baiskeli, akagonga muti, akafa na miaka 30. Vita ikaanza mwezi uliofuata, Wajerumani wakachukua kiwanda. Vita ilipoisha, serikali ya Ufaransa ikakishika kama mali ya adui, Ettore akapiga kesi akitafuta kukirudisha. Alikufa Paris tarehe 21 Agosti 1947.

Roland, yule mutoto wa Bébé, njo alibaki kujaribu kuinua jina. Mwaka 1956 kiwanda kilileta gari ya mashindano kule Reims, haikumaliza. Mwaka 1963 kikauzwa kwa Hispano-Suiza.