Vittorio Sella: Shahidi wa Theluji ya Ruwenzori

Askari aliye zamu juu ya kilima cha Lubaga, hapa Kampala, akielekeza macho magharibi, huona vilima na mabonde tu. Theluji ya Ruwenzori i mbali mno. Hata Stanley, aliyepokewa na Kabaka Mutesa I mwaka 1875, Lubaga ilipokuwa makao ya Kabaka, hakuwa na habari nayo. Aliiona mwaka 1888. Aliyeuwezesha ulimwengu kuitazama kwa makini ni mpiga picha wa Kiitalia, Vittorio Sella.

Sella alizaliwa Biella, kaskazini mwa Italia, tarehe 28 Agosti 1859. Baba yake aliandika kitabu juu ya ufundi wa kupiga picha. Ami yake Quintino, aliyekuwa waziri wa fedha, alianzisha chama cha wapanda milima wa Italia mwaka 1863. Kijana akarithi vyote viwili, kamera na mlima. Siku zile picha zilipigwa juu ya sahani za kioo, nzito na rahisi kuvunjika. Baadhi ya sahani zake zilikuwa na ukubwa wa sentimita 30 kwa 40. Alizipandisha hivyo hivyo katika milima ya Alpi, Kaukasi, Alaska na Himalaya.

Mwaka 1906 alifuatana na Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, afisa wa jeshi la majini la Italia. Walisafiri kwa reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, kwa meli hadi Entebbe, kisha kwa miguu hadi Fort Portal. Huko mlimani Bakonzo waliwabebea mizigo katika matope, mvua na baridi. Tarehe 18 Juni Mtawala alifika kilele cha Margherita, chenye mita 5,109. Kazi ya Sella ilikuwa nyingine: kungojea mawingu yafunguke, kisha kunasa kila mwamba na kila ukingo wa barafu, kwa rangi nyeusi na nyeupe, bila kutia chumvi.

Alifariki Biella tarehe 12 Agosti 1943. Ansel Adams, mpiga picha wa Marekani aliyepigania hifadhi ya nyika za nchi yake, alimsifu sana. Nacho kilele kimoja cha Ruwenzori kinaitwa Sella.

Lakini heshima kubwa zaidi imo katika sahani zake. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilienea kilometa za mraba zipatazo 6.5, kufikia mwaka 2003 ilibaki pungufu ya moja. Joto la dunia limeila, na picha za Sella ni ushahidi usiopingika. Mwaka 1991 milima hiyo ilifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 1994 ikaingizwa katika Urithi wa Dunia. Vita vya waasi viliifanya ihesabiwe kuwa hatarini kuanzia mwaka 1999 hadi 2004; usalama uliporejea, iliondolewa katika orodha hiyo.

Ndugu askari, wewe unayejaza kitabu cha matukio usiku wa manane, hujui ni nani atakayekisoma. Sella naye hakujua kwamba barafu ile ingeyeyuka. Aliandika kweli aliyoiona kwa nuru, na kweli hiyo inatudai sote hata leo.