Alexander Fleming: Mgunduzi wa penisilini aliyeonya mapema kuhusu usugu wa vijidudu

JINA la Sir Alexander Fleming hutajwa kila inapozungumzwa penisilini, dawa iliyookoa maisha ya mamilioni ya watu katika karne ya 20. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba mwanasayansi huyo alikuwa pia miongoni mwa watu wa kwanza kuonya kuwa vijidudu vingeweza kuishinda dawa hiyo, na kwamba alifariki dunia wakati onyo lake likiwa limekwishaanza kutimia katika hospitali za jiji alimoishi.

Fleming alizaliwa Agosti 6, 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel huko Uskoti. Baba yake, Hugh Fleming, alikuwa mkulima, na alifariki mtoto huyo akiwa na umri wa miaka saba. Alipokaribia miaka 14 alihamia London kuishi na ndugu zake, akasoma kwa muda, kisha akafanya kazi ya ukarani katika kampuni ya meli kwa miaka minne. Urithi alioachiwa na ami yake ndio uliomwezesha kujiunga na chuo cha udaktari cha Hospitali ya St Mary's, eneo la Paddington, ambako alihitimu mwaka 1906.

Ingawa awali alikusudia kuwa daktari wa upasuaji, Fleming aliingia katika maabara ya Almroth Wright, bingwa wa chanjo wa zama hizo, na kazi yake karibu yote ya maisha ikabaki katika hospitali hiyo hiyo.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipozuka mwaka 1914, alipelekwa katika maabara ya hospitali ya kijeshi iliyokuwa Boulogne, Ufaransa. Huko alishuhudia askari walionusurika risasi na mabomu wakifa kutokana na vidonda vilivyooza. Madaktari walikuwa wakimwaga dawa kali za kuua vijidudu ndani ya majeraha, lakini Fleming alionyesha kuwa dawa hizo hazikufika katika pembe za ndani za jeraha lililochanika, na wakati huohuo ziliua chembe nyeupe za damu ambazo ndizo zilizokuwa zikimlinda mgonjwa. Tangu hapo akawa akitafuta kitu kitakachoua vijidudu bila kuudhuru mwili.

Hatua ya kwanza ilikuja mwaka 1921, alipogundua kimeng'enya kiitwacho laisozaimu, kilichomo katika kamasi na machozi ya binadamu. Kimeng'enya hicho kiliweza kuyeyusha baadhi ya bakteria, lakini kilikuwa dhaifu mbele ya wale wanaosababisha magonjwa hatari.

Mwaka 1928 Fleming alikuwa akichunguza bakteria aina ya stafilokokasi. Hao ni bakteria wa mviringo, wanaoonekana katika hadubini wakiwa wamekusanyika kama kichala cha zabibu. Watu wengi wenye afya njema huwa nao puani na juu ya ngozi bila kuugua. Hata hivyo, wakipenya ndani ya jeraha au damu huleta majipu, uozo wa mifupa na sumu ya damu, na katika zama hizo wengi wa wagonjwa ambao damu yao ilivamiwa hawakupona.

Septemba 3 mwaka huo, aliporejea kutoka likizo, alikagua visahani vya kioo alivyokuwa ameviacha vikiwa na bakteria hao. Kimoja kilikuwa kimeota ukungu, na kuuzunguka ukungu huo bakteria walikuwa wameyeyuka. Fleming aliukuza ukungu huo, na mwaka 1929 akachapisha matokeo yake na kuyaita maji yaliyotokana nao penisilini. Hata hivyo, hakuweza kuisafisha dawa yenyewe, ambayo iliharibika haraka, na kwa takriban miaka 10 ugunduzi huo haukuvuta watu wengi.

Walioigeuza penisilini kuwa tiba ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford: Howard Florey kutoka Australia, Ernst Chain aliyekimbia utawala wa Wanazi nchini Ujerumani, na Norman Heatley, Mwingereza aliyebuni njia za kuitenga dawa hiyo. Mei 1940 walifanikiwa kuwatibu panya. Mapema mwaka 1941 walimtibu polisi mmoja aliyekuwa na maambukizi makali. Alianza kupata nafuu, lakini dawa iliisha na akafariki. Baada ya viwanda vya Marekani kuingia katika kazi hiyo, ilipofika mwaka 1944 kulikuwa na dawa ya kutosha kuwatibu askari wa Mataifa Washirika waliojeruhiwa katika mapambano ya Normandy.

Sifa nyingi zilimwendea Fleming. Mwaka 1944 alipewa hadhi ya Sir, na mwaka 1945 alipokea Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Florey na Chain.

Ni katika mhadhara wake wa Nobel mjini Stockholm, Desemba 1945, ambapo Fleming alitoa onyo lake. Alieleza kuwa si vigumu kuwafanya bakteria kuwa sugu katika maabara, kwani inatosha kuwapa dawa kidogo isiyotosha kuwaua. Akatoa mfano wa kubuni wa mtu mwenye maumivu ya koo ambaye anajinunulia penisilini na kutumia kiasi pungufu. Bakteria wanaobaki wanakuwa sugu, anamwambukiza mkewe, mke anapata homa ya mapafu, penisilini inashindwa kumtibu na mwanamke huyo anakufa.

Wakati akitoa mhadhara huo, dalili zilikuwa zimekwishaonekana. Mwaka 1940 Chain na mwenzake Edward Abraham walieleza kuwa baadhi ya bakteria hutengeneza kimeng'enya kinachoiharibu penisilini. Katika Hospitali ya Hammersmith, London, Dk. Mary Barber alichunguza stafilokokasi waliopatikana kwa wagonjwa. Mwaka 1946 takriban asilimia 14 ya bakteria hao walikuwa sugu kwa penisilini. Mwaka 1947 kiwango hicho kilifika asilimia 38, na mwaka 1948 kikawa asilimia 59.

Uchunguzi wa Barber uliongeza jambo ambalo mfano wa Fleming haukuligusa. Tatizo halikuwa dozi pungufu peke yake. Bakteria waliokuwa na kimeng'enya hicho walikuwapo tangu awali, wakiwa wachache. Penisilini ilipotumiwa kwa wingi iliwaua wenzao na kuwaachia nafasi, nao wakahama kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine kupitia mikono na pua za wahudumu, mablanketi na vumbi la wodini. Hospitali, mahali pa kutafuta uponyaji, ikawa ndiyo njia yao ya kuenea. Katika miaka ya 1950 aina sugu za stafilokokasi zilizua milipuko katika hospitali za nchi kadhaa, zikiwashambulia hasa watoto wachanga na wagonjwa waliofanyiwa upasuaji.

Fleming alifariki dunia kwa ugonjwa wa moyo nyumbani kwake London, Machi 11, 1955, akiwa na umri wa miaka 73. Aliacha mjane, Amalia, mwanasayansi kutoka Ugiriki aliyemwoa mwaka 1953, na mwana wa kiume, Robert, aliyezaa na mkewe wa kwanza, Sarah, aliyefariki mwaka 1949. Majivu yake yalizikwa katika Kanisa Kuu la St Paul's.

Hakuishi kuiona dawa ya methisilini, iliyotengenezwa ili isiharibiwe na kimeng'enya hicho. Ilianza kutumika nchini Uingereza mwaka 1959, na kufikia mwaka 1961 stafilokokasi sugu kwa dawa hiyo pia walikuwa wamekwisharipotiwa nchini humo. Kizazi cha bakteria hao kimesambaa duniani kote. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa, mwaka 2019 pekee, usugu wao ulisababisha vifo zaidi ya 100,000.

Hata hivyo, Hammersmith iliacha pia somo la matumaini. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Barber na wenzake walibana matumizi ya penisilini, wakachanganya dawa pale zilipohitajika na kukaza kanuni za kuzuia maambukizi wodini. Mwaka 1960 waliripoti kuwa idadi ya stafilokokasi sugu hospitalini hapo ilikuwa imepungua. Hapakuhitajika dawa mpya kwa hilo. Zilihitajika nidhamu ya daktari anayeandika dawa, ya mgonjwa anayeinywa, na ya kila anayenawa mikono kabla ya kugusa kitanda kinachofuata.