Aryabhata, Mpima Nyota wa Kale

Katika kuadhimisha kumbukumbu ya hekalu letu, tumeona vyema kumkumbuka mwanachuoni Aryabhata, aliyezaliwa India mwaka 476.

Mwaka 499, akiwa kijana wa miaka 23, alitunga kwa beti kitabu chake, Aryabhatiya. Humo alieleza kwamba dunia ni tufe linalojizungusha lenyewe. Ndiyo maana nyota huonekana zikienda magharibi. Sisi wa Mtae twalijua jambo hilo kwa macho: basi lipandapo milima kutoka Mombo, abiria huona miti ikirudi nyuma, ilhali miti imesimama.

Alifundisha pia kwamba mwezi hauna nuru yake, bali huangazwa na jua, nao hupatwa uingiapo katika kivuli cha dunia. Wengi walisadiki kuwa Rahu ndiye aumezaye. Kunena vingine kulihitaji moyo. Brahmagupta, mtaalamu aliyemfuata, alimpinga vikali kuhusu kuzunguka kwa dunia. Naye Aryabhata hakuwa mkamilifu, kwani aliiweka dunia katikati ya sayari zote. Hata hivyo, mwaka wa nyota aliupima kuwa siku 365, saa 6, dakika 12 na sekunde 30, akizidisha dakika chache tu.

Setelaiti ya kwanza ya India, iliyorushwa tarehe 19 Aprili 1975, ilipewa jina lake.

Basi mwezi utakapopatwa juu ya nyika ya Mkomazi, tuwaite watoto wetu nje, watazame bila hofu na kuuliza kwa nini.