Tingatinga alikuwa mtu, si trekta

Mwaka jana niliwauliza wanafunzi wangu wa darasa la saba tingatinga ni nini. Mmoja alijibu kuwa ni lile trekta kubwa la kuchonga barabara. Mwingine, ambaye mama yake anafanya biashara ya kuvuka Kobero, alisema ni zile picha za tembo na chui ambazo mama yake huzileta kutoka Dar es Salaam na kuziuza hapa Bujumbura. Wote wawili niliwapa alama, maana hakuna aliyekosea. Lakini darasa zima halikuwa na mtoto aliyejua kwamba Tingatinga alikuwa mtu, mwenye mke na watoto, na kwamba aliuawa kwa risasi akiwa na umri wa miaka kama 40.

Ndiyo maana leo naandika habari zake, na nawaandikia hasa ninyi mnaozibeba picha hizo ndani ya mizigo ya vitenge na sahani.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanganyika, upande wa mpaka wa Msumbiji. Baba yake alikuwa Mngindo, mama yake Mmakua. Ukitazama majina yake utaona la Kikristo na la Kiislamu yamekaa pamoja, jambo ambalo kule kusini halimshangazi mtu. Shule aliionja miaka michache tu, kisha akashika jembe kama wenzake.

Mwaka 1957 aliondoka kwao kwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Wafanyakazi wa mkonge waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja aliandikishwa kwa namba. Msomaji wa Burundi asidhani hayo ni mambo ya mbali. Warundi wengi walivuka kwenda kukata mkonge katika Tanganyika enzi za ukoloni, na huenda babu yako alikuwa mmojawao. Ilikuwa kazi ya miiba na mgongo, na Tingatinga hakuizeekea. Mwaka 1959 alikuwa ameshafika Dar es Salaam kwa ndugu zake.

Huko alipata kazi ya shamba boi kwa Mwingereza mmoja wa serikali ya kikoloni. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 na wakoloni wakafunga virago, kazi kama hiyo nayo ikaisha. Ikawa ni kubangaiza: vibarua vya hapa na pale, biashara ndogo ya mboga na matunda, na ngoma, kwani alikuwa mpenda muziki. Kuna miaka kadhaa hapo katikati ambayo maisha yake hayatofautiani na ya kijana yeyote wa bara aliyekuja mjini bila cheti. Nasi tuliorudi tunayajua maisha hayo, hayahitaji maelezo mengi.

Mwaka 1968 ndipo alipoanza kuchora, na kilichomsukuma kina ladha ya mpakani. Miaka hiyo Wakongo walikuwa wakileta picha zao Dar es Salaam na kuwauzia Wazungu mitaani. Tingatinga aliziona, akaona pia kwamba zinanunuliwa, akajipima akaona kazi hiyo anaiweza. Kwa hiyo sanaa ambayo leo dunia nzima inaitambua kuwa ya Tanzania ilichochewa na bidhaa ya wachuuzi wa nchi ya jirani. Afisa wa forodha hawezi kuukadiria ushuru wa kitu kama hicho.

Turubai na rangi za wasanii zilikuwa ghali, naye hakuhangaika nazo. Alichukua mbao laini zile zinazopigiliwa kwenye dari, akakata vipande vya mraba vya kama sentimita 60 kila upande. Rangi yake ilikuwa ile ya mafuta inayopakwa baiskeli na milango, inayouzwa kwenye makopo madogo, yenye kung'aa na kunuka siku kadhaa kabla haijakauka. Kwanza alijaza ubao kwa rangi moja au mbili. Juu yake alimchora mnyama mmoja, mara nyingi mmoja tu, akienea karibu ubao mzima: chui mwenye madoa, simba, nyati, fisi, au ndege mwenye shingo ndefu. Macho ya wanyama wake yanakutazama kama mtu anayetaka kukuuliza jambo. Hakujali vivuli wala umbali. Wanafunzi wake ndio waliokuja kuujaza ubao kwa makundi ya twiga, vijiji na mlima Kilimanjaro, nami nakiri kwamba kwa macho yangu yule chui wake mmoja anatosha.

Sasa tuje kwenye suala la mahali. Kumbi za maonyesho ya sanaa zilikuwa chache, na zilizokuwepo hazikumngojea shamba boi wa zamani. Tingatinga alichagua Morogoro Stores, eneo la maduka kule Oysterbay, mtaa waliokaa Wazungu na watu wa balozi. Palikuwa na mbuyu. Picha ziliegemezwa kwenye shina lake na nyingine kutundikwa, na mkewe Agatha alikuwa akikaa hapo kuziuza. Hayo ndiyo yalikuwa maonyesho yake. Hayakuwa na tiketi, mgeni rasmi wala taa za kumulika. Mama wa Kizungu alitoka dukani na kapu lake la viazi, akamwona nyati, akasimama, akauliza bei.

Wapo wasomi wanaozidharau picha za namna hii, kwamba zilichorwa kwa ajili ya mtalii. Sikubaliani nao. Ni kweli kwamba mahali paliiumba kazi yenyewe. Ubao ni mdogo kwa sababu mnunuzi lazima autie kwenye sanduku la safari. Wanyama ni wale ambao mgeni alikuja kuwaona. Lakini fundi wa kanga naye anamjua mnunuzi wake, na hakuna anayesema kanga si kazi ya akili. Ukisimama barabarani na picha yako, mpita njia anaihukumu papo hapo kwa mguu wake: ama anasimama ama anapita. Tingatinga aliupita mtihani huo kwa miaka minne hivi. Katika muda huo alichora picha nyingi, na akaanza kuwafundisha vijana, wengi wao ndugu na jamaa wa kutoka kusini. Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo na Simon Mpata wote walipitia mikononi mwake. Shirika la serikali lililoshughulikia uuzaji wa kazi za sanaa nalo lilianza kununua picha zake. Hata hivyo hakuamini kwamba sanaa peke yake itamlisha, akawa pia na ajira hospitalini Muhimbili, akiwahudumia wagonjwa.

Mwaka 1972 alikuwa ndani ya gari usiku pamoja na rafiki zake. Polisi waliokuwa wakiwasaka wahalifu walidhani wamewapata, wakafyatua risasi. Tingatinga akafa, akidhaniwa mwizi, katika mji ambao ukuta baada ya ukuta ulikuwa umeshaanza kupambwa kwa kazi yake. Aliacha mjane na watoto wawili wadogo.

Mwaka huo huo wa 1972 wazazi wangu walivuka Malagarasi kwa miguu wakikimbia mauaji ya hapa kwetu. Mimi nilizaliwa na kusomea Ulyankulu, Tabora, na picha hizi niliziona mara ya kwanza mwaka 2001, siku mjomba aliponipeleka Dar es Salaam. Nilidhani, kama wanafunzi wangu, kwamba tingatinga ni trekta.

Wanafunzi wake hawakutawanyika wote. Walibaki palepale kwenye maduka wakiendelea kuchora, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika chenye jina la mwalimu wao. Mpata alikuwa amekwenda zake Nairobi, ambako Wajapani walizipenda kazi zake. Jina la Tingatinga likaacha kuwa la mtu, likawa la aina ya picha, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia. Ubao wowote wenye twiga sasa unaitwa tingatinga, na jina la aliyeuchora halimshughulishi mtu. Baya zaidi, zimekuwepo picha za kughushi zenye sahihi yake, kwa kuwa alichora miaka michache na za kwake halisi sasa zinatafutwa kwa fedha nyingi. Mnaonunua kwa jumla, tazameni kona ya chini ya ubao. Ikiwa na jina la mchoraji aliye hai, liandikeni kwenye daftari pamoja na bei, mtu huyo mtamhitaji mzigo ukiisha.

Baada ya somo lile, mama wa yule mwanafunzi alinifuata shuleni akiwa amebeba kitu alichokizungushia kitenge. Alikuwa ameuziwa chui kwa bei ya juu kuliko picha zake zote, na kijana aliyemuuzia alimhakikishia kwamba ni ya mwenyewe hasa. Nilikifungua kitenge. Kwenye kona kulikuwa na sahihi, E. S. Tingatinga, kwa herufi kubwa. Rangi ilikuwa bado inanuka.

Nilimweleza. Alinyamaza kidogo, akacheka, akaufunga ubao wake. Nilipopita dukani kwake wiki iliyofuata, chui alikuwa ametundikwa mlangoni, kati ya ndoo na vitenge. Sahihi alikuwa ameifuta kwa mafuta ya taa.