Askofu Parker na Daftari la Vitabu

Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mtu mmoja aliyeishi mbali nasi, na ambaye hakupata kuisikia methali hiyo, aliitii kuliko wengi wetu tunaoikariri darasani. Huyo ni Matthew Parker, Askofu Mkuu wa Canterbury nchini Uingereza, aliyefariki mwaka wa 1575.

Parker alizaliwa mjini Norwich mwaka wa 1504. Alisoma katika Chuo cha Corpus Christi, Cambridge, akawa kasisi, na mnamo 1535 akateuliwa kumhudumia Malkia Anne Boleyn. Mwaka wa 1544 alifanywa mkuu wa chuo alichosomea, na mwaka wa 1547 akaoa. Ndoa hiyo ilimponza. Malkia Mary, aliyekuwa Mkatoliki, alipoanza kutawala mwaka wa 1553, makasisi wenye wake walivuliwa vyeo, naye Parker akaishi mafichoni. Elizabeth alipotwaa ufalme mwaka wa 1558 upepo uligeuka, na Desemba 1559 mtoro wa jana akatawazwa Askofu Mkuu.

Wakati huo vitabu vya kale vya nchi yake vilikuwa hatarini. Kati ya 1536 na 1540 Mfalme Henry wa Nane alikuwa amezivunja nyumba za watawa, ambazo kwa karne nyingi ndizo zilizotunza maandiko. Miswada ikatawanyika. Mingine ilifungia bidhaa madukani, mingine ikasugulia viatu. Pamoja nayo ilikuwa ikizama lugha nzima, Kiingereza cha Kale, ambacho wasomi wachache mno ndio walioweza kukisoma. Sisi tunaofundisha isimu twajua kwamba lugha iliyokwisha kupoteza wasemaji huishi katika maandishi peke yake. Maandishi hayo yakifungia sabuni, lugha hiyo hufa mara ya pili.

Mwaka wa 1568 baraza la Malkia lilimruhusu Parker kuyasaka maandiko hayo. Wajumbe wake walienea kila upande. Mmoja wao, kasisi Stephen Batman, alidai kwamba alikusanya vitabu 6,700 kwa miaka minne. Parker alichagua alivyovitaka. Katibu wake, John Joscelyn, alikusanya msamiati wa Kiingereza cha Kale ili kutunga kamusi, naye mpigachapa John Day akatengeneza herufi maalumu za lugha hiyo. Kitabu cha kwanza chenye herufi hizo kilitoka yapata 1566.

Hata hivyo, tusimfanye malaika. Parker alikuwa na lake jambo. Alitafuta ushahidi kwamba Kanisa la kale la Uingereza lilifanana na lile aliloliongoza yeye, hata katika suala la makasisi kuoa. Aliandika juu ya kurasa kwa kalamu ya rangi nyekundu, akafuta maneno, akahamisha kurasa kutoka kitabu kimoja hadi kingine. Mkutubi wa leo angemfukuza maktabani.

Lakini tendo lake la mwisho ndilo linalonifanya nimwandike. Mwaka wa 1574 alikikabidhi chuo chake miswada zaidi ya 400 pamoja na vitabu vingi vilivyopigwa chapa. Hakutegemea mapenzi ya warithi wake. Aliagiza orodha iandikwe, na kila mwaka wakuu wa vyuo viwili jirani waje kuvihesabu vitabu. Ikiwa miswada mikubwa zaidi ya 6 ingepotea, au ya wastani zaidi ya 8, au midogo zaidi ya 12, na isirudishwe katika miezi 6, hazina yote ingehamia Chuo cha Gonville na Caius. Nacho kikizembea, ingehamia Trinity Hall. Kwa hiyo aliyekuja kuhesabu alikuwa na kila sababu ya kuhesabu kwa makini!

Hazina hiyo haijahama hadi leo. Humo mna nakala kongwe kuliko zote zilizosalia za tarehe ya Waingereza iliyoandikwa kwa Kiingereza cha Kale, na mna Injili za karne ya 6 zinazohusishwa na Mtakatifu Augustino wa Canterbury. Tangu mwaka wa 2018 yeyote mwenye intaneti aweza kuitazama miswada hiyo bila malipo.

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi, shule zetu nyingi zina kabati la vitabu ambalo kila mwaka hupungua, na hakuna ajuaye vitabu vilikwenda wapi. Twalaumu ukosefu wa fedha. Lakini daftari halihitaji fedha nyingi, wala kumwalika mwalimu wa shule jirani aje kuhesabu vitabu vyetu, nasi twende tukahesabu vyao. Parker alivipenda vitabu vyake, lakini alijua kwamba mapenzi yake yatazikwa pamoja naye. Ndipo akaacha hesabu.