Du Coudray: Mkunga wa mfalme aliyefundisha uzazi kwa mwanasesere wa kitambaa

Na Mwandishi Wetu

KATIKA historia ya ukunga duniani ni wachache waliosafiri kwa ajili ya kufundisha kama Angélique Marguerite Le Boursier du Coudray, mwanamke wa Ufaransa aliyefariki dunia mwaka 1794. Kwa zaidi ya miaka 20 alizunguka nchi yake, mji baada ya mji, akiwafundisha wanawake wa vijijini namna ya kumpokea mtoto bila kumpoteza mama.

Wakati huo hapakuwa na reli wala simu, na barabara nyingi za mikoani zilikuwa za matope. Mizigo yake mikuu ilikuwa barua yenye mhuri wa mfalme, kitabu alichokiandika mwenyewe na mwanasesere wa kitambaa mwenye ukubwa wa kiuno cha mwanamke mzima.

Leo, wauguzi na wakunga wanapokusanyika katika wodi za wazazi kurudia mafunzo kwa kutumia wanasesere, wengi hawajui kwamba njia hiyo ilitumika kwa maelfu ya wanafunzi karne mbili na nusu zilizopita. Ndiyo maana maisha ya mama huyu yanastahili kukumbukwa.

Milango yafungwa Paris

Du Coudray alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 18. Habari za utoto wake ni haba, lakini inafahamika kwamba alisomea ukunga jijini Paris kwa kukaa miaka mitatu chini ya mkunga mzoefu, kama sheria ya jiji ilivyotaka, na mwaka 1740 alihitimu na kupewa ruhusa ya kufanya kazi.

Hicho kilikuwa kipindi kigumu kwa wakunga wa jiji hilo. Madaktari wapasuaji, ambao wote walikuwa wanaume, walikuwa wameanza kuingia katika vyumba vya uzazi wakiwa na koleo za kuvutia watoto. Kadiri walivyozidi kuitwa na familia zenye uwezo, ndivyo walivyozidi kusita kuwafundisha wakunga wanawake elimu ya maumbile ya mwili.

Mwaka 1745 wakunga wa Paris, du Coudray akiwa miongoni mwao, waliwasilisha malalamiko rasmi wakidai kufundishwa. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mkunga akinyimwa elimu, anayeumia ni mzazi na mtoto wake. Tangu hapo suala la nani afundishwe, na afundishwe na nani, halikumtoka du Coudray maisha yake yote.

Mwaka 1751 aliondoka Paris na kwenda Auvergne, mkoa wa milima katikati ya Ufaransa, baada ya kualikwa na kabaila mmoja aliyetaka watu wa eneo lake wapate mkunga mwenye ujuzi.

Huko alikuta hali ya kusikitisha. Akina mama walizalishwa na wanawake wa jirani ambao hawakuwa na mafunzo yoyote, na pale uzazi ulipokwama, wengine walimvuta mtoto kwa nguvu. Baadhi ya watoto walivunjika viungo, na baadhi ya akina mama walibaki na majeraha ya kudumu yaliyowatenga na jamii. Aliwaona wengi wa wanawake hao walipomwendea kutafuta msaada.

Maneno hayakutosha

Alianza kuwafundisha wanawake wa Auvergne bila malipo, lakini punde akagundua kikwazo. Wengi wa wanafunzi wake hawakujua kusoma wala kuandika, na baadhi hata Kifaransa cha Paris hawakukielewa vizuri. Mtu anaweza kuelezwa mara 10 jinsi ya kumgeuza mtoto tumboni na bado mkono wake usijue la kufanya.

Hapo ndipo alipobuni kile alichokiita mashine. Kilikuwa kiwiliwili cha chini cha mwanamke, kilichoshonwa kwa kitambaa na ngozi na kujazwa pamba, kikiwa na nyonga ndani yake. Kamba na mikanda vilimwezesha mwalimu kulegeza au kukaza njia ya uzazi, ili mwanafunzi ahisi mkononi jinsi inavyofunguka.

Pamoja nacho alikuwepo mtoto wa kitambaa mwenye ukubwa wa mtoto anayezaliwa, akiwa na pua na masikio ya kushonwa, na nywele zilizochorwa kwa wino. Kulikuwa pia na kondo la nyuma, kitovu, na watoto pacha, kwa kuwa uzazi wa mapacha ulikuwa miongoni mwa matukio yaliyowatisha wakunga wengi.

Kinywa cha mtoto huyo kiliachwa wazi kwa makusudi. Mtoto anapotanguliza matako, kichwa hutoka mwisho na huweza kukwama. Mkunga aliyefundishwa wakati huo aliingiza kidole kinywani ili kuinamisha kidevu kuelekea kifuani, na kichwa kikapita kwa upenyo mwembamba zaidi. Bila kinywa kinachoingia kidole, somo hilo lisingeweza kufundishwa.

Katika baadhi ya mashine aliweka hata sponji zilizotoa maji na majimaji mekundu, ili wanafunzi wazoee kuona maji ya uzazi na damu bila kuingiwa na hofu. Kwa namna hiyo mwanafunzi aliweza kukosea, kuanza upya na kukosea tena, pasipo mtu kupoteza maisha.

Mwaka 1758 Chuo cha Upasuaji cha Paris kiliikagua mashine hiyo na kuipitisha. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha mwongozo wa kuzalisha, na toleo la mwaka 1769 likatiwa picha za rangi kwa faida ya wale ambao wangetazama picha kuliko kusoma maandishi.

Barua ya mfalme

Ufaransa ilikuwa vitani wakati huo. Vita vya Miaka Saba, vilivyoanza mwaka 1756, vilikuwa vinakula vijana, na watawala waliamini kwamba idadi ya watu nchini inapungua. Mtoto aliyekufa wakati wa kuzaliwa alihesabiwa kuwa mkulima au askari aliyepotea.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1759 Mfalme Louis XV alimpa du Coudray kibali cha kufundisha ukunga katika ufalme wote, na kuonya kwamba mtu yeyote asimzuie. Mwaka 1767 akaongezewa mshahara wa livre 8,000 kwa mwaka, malipo ambayo wanawake wachache sana wa zama hizo waliyapata kutokana na kazi yao wenyewe.

Utaratibu wake haukubadilika sana toka mji mmoja hadi mwingine. Mkuu wa jimbo aliandikiwa mapema, naye akawaagiza mapadri wa parokia kuwachagua wanawake wanaofaa kutoka vijijini. Mafunzo yalidumu takriban miezi miwili, asubuhi na jioni, na kila mwanafunzi alipaswa kuzalisha mwenyewe kwenye mashine huku wenzake wakitazama. Waliofuzu walirudi makwao na vyeti.

Jambo kubwa zaidi lilifanyika alipokaribia kuondoka. Aliuhimiza mji kununua mashine yake, iliyouzwa livre 300, na akawafundisha madaktari wapasuaji wa hapo namna ya kuitumia ili waendeleze masomo baada yake. Alitambua kuwa mwalimu mmoja hawezi kuwa kila mahali, na kwamba darasa lisilo na mwendelezo husahaulika mara mwalimu anapotoa mguu mjini.

Kati ya mwaka 1760 na 1783 alifundisha katika miji zaidi ya 40. Wanahistoria wanakadiria kuwa wanawake wapatao 4,000 walipita mikononi mwake, na wengine wapatao 6,000 walifundishwa na waliosoma kwake. Madaktari wapasuaji takriban 500 nao walijifunza kwake, wanaume wa fani ileile iliyowahi kuwafungia milango wakunga wa Paris.

Lawama na mapungufu

Haikuwa kazi iliyopendwa na wote. Wapo madaktari waliodai kwamba miezi miwili haitoshi kumfanya mwanamke wa kijijini kuwa mkunga, na wapo walioona haya kusikia kwamba mwanamke anawafundisha wanaume. Baadhi ya miji ililalamikia gharama za mashine na za kuwatunza wanafunzi.

Vijijini nako hali haikuwa rahisi. Mara nyingi aliyerudi na cheti alikuwa mwanamke kijana, wakati familia zilikuwa zimemzoea bibi aliyewazalisha mama zao. Cheti hakikumhakikishia imani ya wazazi, na wengine waliohitimu walikosa kazi katika vijiji vyao wenyewe.

Yapo pia mambo ambayo elimu ya zama zake haikuyajua. Vijidudu vya maradhi havikufahamika, na miaka zaidi ya 50 ilipita baada ya kifo chake kabla ya daktari Ignaz Semmelweis, mwaka 1847 mjini Vienna, kuonyesha kwamba kunawa mikono kwa dawa kunapunguza vifo vya wazazi kutokana na homa ya uzazi.

Siku zake za mwisho

Alipochoka na safari, du Coudray aliikabidhi kazi kwa mpwa wake wa kulea, Marguerite Guillaumanche, aliyeolewa na daktari Coutanceau na kuendeleza mafunzo ya ukunga katika mji wa Bordeaux.

Mapinduzi ya mwaka 1789 yaliangusha utawala uliomwajiri, na Mfalme Louis XVI alinyongwa kwa gilotini Januari 1793. Barua yenye mhuri wa kifalme, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ngao yake, sasa ilikuwa ushahidi wa hatari. Du Coudray alifariki dunia Bordeaux Aprili 1794, katika miezi ya vitisho na umwagaji damu.

Kati ya mashine nyingi alizoziacha katika miji ya Ufaransa, inayojulikana kubaki ni moja tu. Inahifadhiwa katika jumba la makumbusho ya tiba mjini Rouen, na ilipopigwa picha za eksirei ilionekana kuwa ndani yake mna mifupa halisi ya nyonga ya binadamu.

Somo lake Tanzania

Wazo la mkunga huyo limethibitishwa upya katika ardhi ya Tanzania. Mwaka 2009 hospitali nane nchini zilianza kuwafundisha wakunga kumsaidia mtoto asiyepumua mara anapozaliwa, kwa mazoezi ya mwanasesere na mfuko wa kupulizia hewa. Msisitizo uliwekwa kwenye dakika ya kwanza ya maisha, inayoitwa dakika ya dhahabu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47.

Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti walibaini jambo ambalo lisingemshangaza du Coudray. Mafunzo ya siku moja yaliwafanya wakunga wafanye vizuri mbele ya mwanasesere, lakini hayakubadilisha vya kutosha utendaji wao mbele ya mtoto halisi. Mabadiliko yalionekana pale walipoanza kufanya mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, wakiwa kazini: vifo vya ndani ya saa 24 vikashuka kutoka watoto 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000 waliozaliwa.

Mazoezi ya aina hiyo yalipelekwa baadaye katika vituo 30 vya mikoa mitano ya Tanzania Bara, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto vikipungua, na vya akina mama vikipungua zaidi.

Muuguzi aliyehitimu chuo miaka 15 iliyopita anaweza kukaa miezi kadhaa bila kukutana na mtoto asiyepumua au mzazi anayevuja damu nyingi, kisha akakutana naye usiku akiwa peke yake zamu. Wakati huo hakuna nafasi ya kufungua daftari. Mkono unafanya kile ulichozoea kufanya, na kama haukuzoeshwa, cheti kilicho ukutani hakitamsaidia mzazi.

Du Coudray hakuacha mali nyingi. Aliacha maelfu ya wanawake waliojua la kufanya mtoto anapokwama, na mashine zilizobaki mijini ili wengine waje kujifunza baada yao.