Bette Nesmith Graham: sekretari aliyekataa kuanza ukurasa upya

Ukikosea neno kwenye asaimenti, unabonyeza kitufe kimoja tu, limepotea. Bette Nesmith Graham hakuwa na bahati hiyo.

Alizaliwa Texas, Marekani, mwaka wa 1924. Aliacha shule akiwa na miaka 17, akaolewa, ndoa ikavunjika, akabaki kumlea mwanawe Michael peke yake. Alikuwa sekretari wa benki mjini Dallas, na kusema ukweli, hakuwa mkali wa kutaipu. Taipureta mpya za umeme zilikuwa na utepe wa kaboni: ukijaribu kufuta herufi, karatasi yote inachafuka. Kosa moja, unarudia ukurasa mzima.

Siku moja akaona wachoraji wakipamba madirisha ya benki. Wakikosea hawafuti, wanapaka rangi juu. Bette akachanganya rangi nyeupe jikoni kwake, akaitia kwenye kichupa, akaenda nayo kazini. Masekretari wenzake nao wakaitaka. Mwaka wa 1956 akaanza kuiuza, Michael na marafiki zake wakijaza chupa.

Mwaka wa 1958, kwa bahati mbaya, akachapa jina la kampuni yake kwenye barua ya mwajiri. Hilo kosa hakuliwahi. Akafutwa kazi, akashika biashara yake muda wote. Mwaka wa 1979 akaiuza kwa Gillette kwa dola milioni 47.5. Alifariki mwaka uliofuata.

Kwa hivyo kabla hujatuma asaimenti, isome tena. Siku hizi kufuta ni bure.